Robert Ouko: Kabla ya Busia kuvukwa kwa kitambulisho tu

Ukitaka kujua mpaka ni kitu gani, achana na ramani kwanza. Nenda Busia asubuhi, siku ya soko. Mama wa mayai amebeba trei zake kichwani, anatembea kama barabara ni yake. Wabadilishaji pesa wameshika mabunda ya shilingi za Uganda na wanakuita kutoka mbali. Kijana wa boda anataka kujua kama unavuka au unabaki. Unaonyesha kitambulisho, afisa wa uhamiaji anakiangalia, unapita, basi uko nchi nyingine. Lakini ukisikiliza vizuri, Kisamia kinachozungumzwa ng'ambo ndicho kile kile ulichokiacha nyuma. Nenda Malaba, kaskazini kidogo, uone Kiteso nacho kinavyovuka mto bila kuulizwa cheti.

Hata hilo neno boda boda unalolitumia kila siku huko Nairobi, Nakuru au Mombasa, wengi wanasema lilizaliwa huku huku, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria na mizigo kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda. Mtu anashuka kwenye basi upande mmoja, anapakiwa kwenye kerieri, anateremshwa upande wa pili. Boda hadi boda.

Kwako wewe haya ni mambo ya kawaida. Lakini muulize mzee yeyote wa Busia au Malaba, atakwambia njia hii imewahi kufungwa kabisa. Imewahi kupitiwa na maelfu ya Wakenya waliofukuzwa wakiwa na furushi tu. Imewahi hata kurushiwa risasi. Na kuna mtu mmoja ambaye kazi yake, kwa karibu miaka 20, ilikuwa kushughulika na mambo ya namna hii: nani apite, mzigo gani utozwe nini, na mataifa mawili yakikosana nani aende kuongea. Pengine wewe unamjua kwa kifo chake tu. Anaitwa Robert Ouko.

Na hapo ndipo mimi huona tunamwonea. Ukiandika jina lake kwenye simu yako sasa hivi, yatakayokuja ni mlima Got Alila, wapelelezi kutoka Uingereza, tume na kamati. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 amegeuzwa kuwa maiti na fumbo. Hebu leo tuanze na kazi.

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1931, Nyahera, karibu na Kisumu. Kabla hatujaenda mbali, jua jambo moja ambalo shuleni hulipitia haraka. Hadi mwaka wa 1902, sehemu yote hii ya magharibi mwa Kenya, Kisumu ikiwemo, ilikuwa upande wa Uganda. Waingereza ndio waliolichukua jimbo hilo na kulihamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Yaani wazee waliokuwa hai wakati Ouko anazaliwa waliukumbuka wakati ambapo Busia haikuwa mpaka wa chochote. Mstari ulichorwa, watu wakabaki pale pale walipokuwa.

Alisoma shule ya msingi ya Ogada, kisha Nyang'ori, halafu akaenda chuo cha ualimu cha Siriba. Akafundisha shule za msingi. Mwaka wa 1955 akapata kazi ya afisa wa mapato wilayani Kisii, kazi ambayo kwa lugha ya mtaani ni kukusanya kodi. Usiidharau. Ushuru ukiuangalia kutoka wizarani ni tarakimu, lakini ukiwa wilayani una sura ya mtu anayesema hana. Sidhani kuna shule nzuri kuliko hiyo kwa mtu ambaye baadaye angekaa mezani kujadili ushuru wa nchi tatu.

Mwaka wa 1958 akaenda Ethiopia, kusoma katika chuo kikuu cha Addis Ababa ambacho baadaye kilipewa jina la Mfalme Haile Selassie. Siku hizi ukisema unaenda kusoma ng'ambo watu hufikiria London au Marekani. Wakati ule Addis ilikuwa mahali pa maana sana kwa kijana Mwafrika aliyetaka kuona nchi ya watu weusi inayojitawala, yenye bendera yake, mabalozi wake na kiti chake Umoja wa Mataifa. Ouko alimaliza 1962 akiwa na shahada ya utawala, uchumi na siasa. Kutoka hapo akaenda Makerere, Kampala, kuchukua diploma ya uhusiano wa kimataifa na diplomasia.

Fikiria hiyo njia. Kutoka Kisumu kwenda Kampala kwa barabara, unapita Busia. Kwa reli, garimoshi la kutoka Nairobi kupitia Eldoret huvuka Malaba na kuingia Tororo. Wakati huo shilingi ilikuwa moja, posta ilikuwa moja, na reli ilikuwa moja. Mtu wa Nyanza kwenda kusoma au kutafuta kazi Kampala halikuwa jambo la kushangaza hata kidogo. Kwa wengi Kampala ilikuwa karibu zaidi na moyo kuliko Nairobi.

Uhuru ulipokaribia, Ouko aliingia katika ofisi ya Gavana kama katibu msaidizi, na baada ya 1963 akapanda haraka hadi ukatibu wa kudumu wizarani. Serikali changa ilihitaji watu wenye digrii na walikuwa wachache mno. Lakini kazi iliyomfanya awe mtu wa mpaka, kama naruhusiwa kumwita hivyo, ilimpeleka Arusha.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi Desemba mwaka huo. Wewe unaijua Jumuiya ya leo, yenye bendera ya samawati na nchi nyingi hadi Kongo na Somalia. Ile ya kwanza ilikuwa na nchi tatu tu, lakini kwa namna fulani ilikuwa na mwili mkubwa kuliko ya sasa. Ilikuwa na shirika lake la ndege, la reli, la bandari, la posta na simu. Stempu moja ilibeba majina ya nchi zote tatu. Behewa lililopita Malaba halikuwa la Kenya wala la Uganda, lilikuwa la Jumuiya. Na kila nchi ilitoa mawaziri wa kukaa huko na kushughulikia Jumuiya pekee. Ouko alikuwa mmoja wao kwa upande wa Kenya, kwanza akishika fedha na utawala, baadaye soko la pamoja na mambo ya uchumi. Katika miaka hiyo hiyo, 1971, chuo kikuu cha Pacific Lutheran cha Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, na ndiyo maana utasikia watu wakimwita Daktari Ouko.

Sasa hapa kuna jambo ambalo nataka ulishike vizuri, kwa sababu ndilo lililoleta machungu Busia na Malaba. Mkataba wa 1967 ulizungumzia bidhaa, ushuru, viwanda na mashirika. Haukumpa mfanyakazi wa kawaida haki ya kuvuka na kutafuta riziki upande wa pili. Mzigo ulikuwa na haki kuliko mtu. Mwaka wa 1970 serikali ya Milton Obote iliamua kwamba kazi za vibarua nchini Uganda ni za Waganda wenyewe. Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo kutoka Nyanza ile ile ya Ouko, wakaambiwa waondoke. Watu waliokata miwa, waliofanya kazi relini na mijini, wengine wamekaa huko miaka na miaka na watoto wamezaliwa huko, wakarudi na walichoweza kubeba. Njia zao zilikuwa hizo hizo unazozijua.

Unaona mkanganyiko wake? Arusha, mawaziri wa nchi tatu wanajadili soko la pamoja. Busia, mtu amekaa juu ya godoro lake kando ya barabara, hajui anarudi nyumbani kwa nani. Jumuiya haikuwa na kifungu cha kumsaidia. Ukisikia leo watu wakisema huduma kwa raia ni kazi ndogo ya ubalozi, mambo ya pasipoti iliyopotea na vyeti vya kuzaliwa, kumbuka huyo wa godoro.

Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, na mambo yakaharibika kwa njia nyingine. Julius Nyerere alikataa kabisa kukaa meza moja na Amin. Na chombo cha juu cha Jumuiya, kile kilichofanya maamuzi makubwa, kilikuwa ni marais watatu wakiwa pamoja. Tangu mapinduzi yale, marais hao hawakukutana tena kama wakuu wa Jumuiya hata mara moja. Miaka sita! Jumuiya nzima, yenye ndege na mabehewa na maelfu ya wafanyakazi, iliendelea kusukumwa na mawaziri na maafisa, karatasi zikizungushwa kutoka mji mkuu mmoja hadi mwingine zitiwe saini. Mimi huiona hiyo ndiyo sehemu ya maisha ya Ouko isiyo na picha wala sinema, lakini ndiyo iliyoonyesha aina ya mtu aliyekuwa. Wakubwa wako hawaongei, na wewe kila Jumatatu unatakiwa kuhakikisha treni inaenda.

Mpakani nako kulikuwa na shughuli ya aina yake. Uchumi wa Uganda ulipoanguka, sabuni, chumvi na sukari vikawa adimu huko, huku kahawa yao ikipanda bei duniani katikati ya miaka ya 70. Basi kahawa ikatafuta njia. Hapo ndipo neno magendo liliponona. Chepkube, kule upande wa Mlima Elgon, palikuwa sokoni pa kahawa hiyo hadi watu wa nchi nzima wakapajua, na njia za panya za Busia na Malaba nazo hazikulala. Kuna nyumba za mawe na malori yaliyonunuliwa kwa fedha za msimu ule. Kuna pia waliopigwa risasi na wanajeshi wa Amin mtoni usiku. Wazee hukuhadithia habari ya nyumba kwa urahisi kuliko hiyo nyingine.

Februari 1976 Amin akadai kwamba magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, ni mali ya Uganda kwa ile ramani ya kabla ya 1902. Wakenya wakaandamana. Julai mwaka huo makomando wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe kuwaokoa mateka, na ndege zao zikatua Nairobi kwa mafuta. Amin akawageukia Wakenya waliokuwa Uganda, wengi wakauawa, wengine wakakimbia kuelekea mpakani. Kenya ikasema Uganda lazima ilipie bidhaa kwa shilingi za Kenya, na mafuta yakakauka upande wa pili. Agosti wakatia saini mapatano Nairobi. Waziri wa Mashauri ya Kigeni wakati huo alikuwa Munyua Waiyaki, si Ouko. Ouko alikuwa bado anajaribu kushikilia nyumba ya Arusha isianguke.

Ikaanguka. Mapema 1977 shirika la ndege la Afrika Mashariki likasimama, Kenya ikaanzisha la kwake, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mnamo Februari na kuzuia magari na ndege zilizokuwa ndani. Ilipofika Juni 30 hakukuwa na bajeti, na Jumuiya ikafa kifo cha karatasi, bila mazishi. Behewa lililokuwa Nairobi likawa la Kenya, lililokuwa Tororo likawa la Uganda. Wafanyakazi wa reli wakaamka na kuambiwa mwajiri wao hayupo.

Rais Jomo Kenyatta akamteua Ouko kuwa mbunge na waziri wa mipango ya uchumi na masuala ya Jumuiya. Soma tena hicho cheo. Jumuiya imekufa lakini waziri wa masuala yake yupo, kwa sababu marehemu aliacha madeni, mali na ugomvi wa urithi. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alitafutwa kuwa mpatanishi wa kugawa mali hiyo. Kazi ilichukua miaka. Mapatano yalitiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ndani ya mapatano hayo ya kugawana vyombo, nchi tatu ziliweka kifungu cha kukubali kutafuta njia za kushirikiana tena. Sehemu kubwa ya majadiliano ilipita Ouko akiwa ndiye waziri wa mashauri ya kigeni, ingawa kalamu ya mwisho ilishikwa na wengine.

Uwaziri huo aliupata mara ya kwanza 1979, mwaka ambao pia alichaguliwa mbunge wa Kisumu Rural, chini ya Rais Daniel arap Moi. Na Uganda aliyoikuta ilikuwa moto. Amin alikuwa ameondolewa Aprili na jeshi la Tanzania likishirikiana na Waganda waliokuwa uhamishoni. Akaingia Yusuf Lule, akatoka baada ya miezi miwili. Akaingia Godfrey Binaisa, akaondolewa Mei 1980. Ikaja tume ya kijeshi. Desemba ukafanyika uchaguzi na Obote, yule yule wa 1970, akarudi. Sasa wewe ni waziri wa Kenya. Unaandika barua kwa serikali ya Kampala, kabla bahasha haijafunguliwa serikali imebadilika. Na wakati huo wote askari wa Tanzania wako Uganda, huku mpaka wa Kenya na Tanzania ukiwa bado umefungwa. Wakimbizi wakaingia Kenya kwa wingi. Kama wazazi wako walisoma shule ya upili miaka ya 80, waulize. Wengi walifundishwa hisabati au Kiingereza na mwalimu Mganda aliyevuka Busia akitafuta usalama.

Kazi haikuwa ya Uganda peke yake. Kipindi hicho Kenya ilikubali Marekani itumie bandari na viwanja vyake vya ndege, ikagomea Olimpiki za Moscow za 1980 (Rais Jimmy Carter alimtuma Muhammad Ali mwenyewe kuzunguka Afrika kuomba kura hiyo ya kugoma, na Nairobi alifika), na mnamo Juni 1981 ikawa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Moi akawa mwenyekiti, na kwa kuwa mkutano uliofuata wa Tripoli ulikosa idadi ya kutosha ya wajumbe, uenyekiti ukaendelea hadi 1983. Kwa hiyo Chad na vita vyake, Sahara Magharibi na madai yake, vyote vikawa mezani kwa Ouko. Nairobi ndiko Mfalme Hassan wa Morocco alikokubali wazo la kura ya maoni huko Sahara, kura ambayo hadi leo unaposoma haijapigwa.

Lakini nikiulizwa ni kazi gani ya miaka hiyo inayomfikia dereva wa lori aliyepanga foleni Malaba, sitataja Chad. Nitataja Lusaka, Desemba 1981, mkataba wa eneo la biashara la upendeleo kwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, PTA. Jumuiya ilikuwa imekufa, lakini kupitia mlango huu mwingine Kenya na Uganda zikajikuta tena katika mkataba mmoja wa kupunguza ushuru. PTA ndiyo iliyozaa COMESA mwaka wa 1994. Ile kadi ya njano ya bima ambayo lori la Kenya hubeba likiingia Uganda na kuendelea mbele ilianza enzi za PTA. Mkataba kama huo haupigiwi ngoma. Hakuna anayeweka Lusaka kwenye fulana. Ila dereva akigonga mtu Iganga, hiyo karatasi ya njano ndiyo inayoamua kama familia ya aliyegongwa italipwa.

Kati ya 1983 na 1987 alizungushwa wizara za kazi, mipango na viwanda, kama Moi alivyopenda kuzungusha mawaziri wake. Tuyapite haraka, maana mpakani kulikuwa kunachemka.

Yoweri Museveni aliingia Kampala Januari 1986. Moi hakumwamini, mwezi mmoja tu uliotangulia, Nairobi, alikuwa amesimamia mapatano ya amani kati ya Museveni na serikali ya Tito Okello, na mapatano yale yakageuka karatasi tupu. Kila upande ukashuku kwamba mwenzake anawafuga waasi. Kukawa na la biashara pia, ambalo watu husahau kulitaja: Uganda iliamua kuhamisha mizigo yake, hasa kahawa, kutoka malori hadi reli. Reli ni nafuu. Lakini malori mengi yalikuwa ya Wakenya, tena Wakenya wenye majina. Ukiona nchi mbili zinagombana kuhusu usalama, tazama pia ni nani anayepoteza tenda.

Desemba 1987 risasi zikalia Busia. Askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana kwa siku kadhaa, watu wakafa, mpaka ukafungwa, balozi wa Uganda jijini Nairobi akafukuzwa. Ilikuwa wiki ya kabla ya Krismasi, wakati ambapo Busia huwa imejaa watu wanaorudi makwao. Ng'ambo kulikuwa na nguo, mafuta ya taa na jamaa. Huku kulikuwa na wenyewe. Tarehe 28 Desemba, Moi na Museveni wakakutana Malaba. Si Nairobi wala Entebbe, Malaba, pale pale mpakani, na wakakubaliana kurudisha wanajeshi nyuma na kuufungua mpaka.

Waziri wa mashauri ya kigeni wakati huo alikuwa Zachary Onyonka. Ouko alikuwa waziri wa viwanda, na ukitafakari utaona hakuwa mbali na shida. Uganda ni mteja mkubwa wa viwanda vya Kenya. Boda ikifungwa, mtu wa kiwanda cha sabuni Nairobi huhisi kabla hata hajasoma gazeti. Machi 1988, baada ya ule uchaguzi wa mlolongo, Ouko akiwa sasa mbunge wa Kisumu Mjini, Moi alimrudisha kwenye mashauri ya kigeni. Alirithi uhusiano uliofungwa bandeji Malaba na bado unavuja damu. Machi 1989 Kenya ilisema ndege ya kijeshi kutoka Uganda imeangusha mabomu Lokichogio na kuua watu, Uganda ikakana. Mpaka haukufungwa kama 1987. Sitadai hilo ni la Ouko peke yake, maana mambo ya namna hii yana mikono mingi. Ila ukilinganisha Desemba ile na Machi hii, utaona kuna watu walikuwa wanapokea simu.

Tusimpambe kupita kiasi pia. Kazi yake ya miaka hiyo ilikuwa vilevile kuitetea nje serikali ambayo ndani iliwaweka watu kizuizini bila kesi na kuwapiga waliodai vyama vingi. Alikuwa na ulimi mzuri, alivaa vizuri, aliheshimika Ulaya na Marekani, na hizo sifa zote zilitumika kuipendezesha sura ya KANU. Alichokuwa akikiamini moyoni akiwa peke yake ni suala jingine. Wewe uliyezaliwa wakati unaweza kumtukana rais mtandaoni na kulala nyumbani, itakuwia vigumu kupima.

Mwishoni mwa Januari 1990 alisafiri na Moi na ujumbe mkubwa hadi Washington. Walirejea mapema Februari. Akaenda nyumbani kwake shambani Koru, na usiku wa kuamkia tarehe 13 akatoweka. Februari 16 serikali ikatangaza mwili wake umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na nyumba yake, umechomwa moto na kichwa kina tundu la risasi. Wakubwa wakaanza kwa kugusia kwamba huenda alijiua. Kisumu na Nairobi, vijana na wanafunzi wakamiminika barabarani. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard akaitwa, akasema ni mauaji, na miongoni mwa mambo aliyoyachunguza ni ule mradi wa kiwanda cha molasi cha Kisumu ambao Ouko alikuwa akiufuatilia. Tume ya Jaji Gicheru ikaundwa, kisha Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza. Mtu mmoja alishtakiwa, akaachiliwa. Bunge nalo likaja na kamati yake miaka ya 2000. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Huko mpakani maisha yakaendelea kwa mwendo wake. Novemba 30, 1999, Moi, Museveni na Benjamin Mkapa walitia saini Arusha mkataba wa Jumuiya mpya. Umoja wa forodha ulianza 2005. Mwaka wa 2010 likaja soko la pamoja, na safari hii mtu hakuachwa nyuma ya mzigo: haki ya mfanyakazi kuvuka na kutafuta kazi iliandikwa ndani. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 anajaza fomu nyepesi pale pale forodhani na kupita bila ushuru wa kuingiza. Ukiwa na mtaji mdogo na unafikiria kuleta ndizi au kupeleka vyombo vya plastiki, ulizia hiyo fomu kabla hujamlipa mtu wa njia ya panya, kwa sababu wengi wanaopita porini wanakimbia ushuru ambao hawadaiwi.

Februari 24, 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa nchi mbili hukaa jengo moja na msafiri hukaguliwa mara moja tu. Museveni alikuwa yule yule aliyekaa na Moi Malaba miaka 30 nyuma.